Mgeni wa Siku ya Tatu: Ugeni, Uraia na Maadili ya Kitaifa katika Methali za Kiswahili na Maisha ya Wahamiaji Nchini Kenya

Utangulizi

Miongoni mwa methali ambazo mwanafunzi wa Kenya hukutana nazo mapema ni ile isemayo "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Aghalabu hufunzwa kama onyo kwa mgeni mvivu, kwamba asikae akila vya watu bila kufanya kazi. Maana hiyo si potovu, ila haitoshi. Kitenzi cha methali kimo katika hali ya kuamuru, na anayeamriwa si mgeni bali ni mwenyeji: mpe. Kwa hiyo methali inaweka muda wa ugeni, inamtaja mwenye wajibu wa kuukomesha, na inataja chombo cha kuukomeshea. Isitoshe, jembe halilimi hewani. Ampaye mtu jembe hana budi kumwonyesha shamba.

Makala haya yanaichukua methali hiyo kama kipimo cha suala linalozisumbua nchi nyingi leo, yaani jinsi ya kuwapokea wahamiaji, kuhifadhi tamaduni mbalimbali na wakati huohuo kudumisha maadili yanayoliunganisha taifa. Mifano inatolewa kwa jamii tatu zilizoishi Kenya kwa muda mrefu bila uraia: Wamakonde, Washona na Wapemba. Hoja kuu ni kwamba fasihi simulizi ya Kiswahili inautambua ugeni kama hali ya kupita, ilhali dola iliwapa watu hawa jembe na kuwaacha wakiwa wageni kwa vizazi kadhaa.

Msamiati wa Ugeni

Kabla ya kuzitazama jamii zenyewe, yafaa kuyapima maneno. Neno "mgeni" lina asili ya Kibantu na linafanana na "mũgeni" la Kigĩkũyũ na "omugenyi" la Kiganda. Katika Kiswahili, neno hili hubeba maana mbili kwa pamoja: mtu anayetembelea na mtu asiyejulikana. Wa kwanza hukaribishwa. Wa pili hutiliwa shaka. Anayesema "wale ni wageni" huweza kuanza na maana ya kwanza na kuishia kwenye ya pili bila kubadilisha neno.

Kinyume cha mgeni ni "mwenyeji", neno linalotokana na "mwenye mji". Hapa uhusiano wa mtu na mahali ni wa kumiliki. "Mwananchi", kwa upande mwingine, ni mwana wa nchi. Uhusiano huu si wa kumiliki bali wa kuzaliwa na kulelewa. Nalo "raia" lililotoka katika Kiarabu lilimaanisha hapo awali watu walio chini ya mtawala, kama kundi lililo chini ya mchungaji. Lipo pia neno "mlowezi", kutokana na kitenzi "lowea", yaani kuhamia mahali na kupazoea. Kwa asili ni neno lisilo na ubaya, lakini historia ya ukoloni imelifanya lisikike kama tuhuma.

Maneno haya yanaonyesha kuwa lugha haina njia moja ya kuhusisha mtu na nchi. Mtu aweza kumiliki, kuzaliwa, kutawaliwa au kuzoea. Mjadala wa uhamiaji hupotoka pale ambapo njia moja tu, hasa ile ya kumiliki, huchukuliwa kuwa ndiyo yote.

Methali kama Mizani

Methali nyingine zinaukamilisha mfumo huu wa fikra. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" inakiri kwamba ujio wa mgeni humletea mwenyeji faida. "Mgeni ni kuku mweupe" inakiri kwamba mgeni huonekana upesi, na kosa lake hutazamwa na wengi kuliko kosa la mwenyeji. Wajibu wa mgeni umetajwa katika "Ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako." Na thamani ya kubaki na asili imetajwa katika "Mwacha mila ni mtumwa."

Kwa mtazamo wa haraka, hizi mbili za mwisho zinapingana. Ya kwanza yamtaka mtu aige. Ya pili yamkataza kuacha. Hata hivyo, ukinzani huo unapungua ikizingatiwa kwamba methali ya kwanza inasema "fumba". Anayefumba jicho hajalipoteza. Amekubali masharti ya pale alipo bila kujitia upofu, na akirudi nyumbani kwake hulifumbua. Mizani ya utangamano katika fikra za Waswahili imo humo: mgeni azifuate taratibu za pamoja hadharani, naye mwenyeji asimdai kuling'oa jicho.

Mgawanyo wa namna hiyo unapatikana pia katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Papo hapo kinaiagiza dola kukuza na kulinda lugha mbalimbali za watu wa Kenya. Kifungu cha 44 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake na kushiriki utamaduni wake, lakini kinakataza mtu kumlazimisha mwingine kufuata desturi yoyote ya kitamaduni.

Lugha katika Sheria ya Uraia

Kwa wanafunzi wa Kiswahili, jambo la kuzingatiwa ni kwamba lugha hii imekuwa mojawapo ya milango ya uraia wa Kenya. Katiba ya awali ilimtaka mgeni aliyeomba uraia awe na ujuzi wa kutosha wa Kiswahili. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 ililegeza sharti hilo kwa kukubali Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji.

Sheria hiyohiyo iliweka kipengele maalumu kwa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wameishi Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru. Hao wangeweza kuandikishwa kuwa raia iwapo wanajua Kiswahili au lugha ya wenyeji, hawana hatia ya makosa makubwa, wanaelewa haki na wajibu wa raia, na wanakusudia kuendelea kuishi nchini. Masharti haya hayamuulizi mtu babu yake alizikwa wapi. Yanamuuliza anachojua, alichotenda na anachokusudia. Kwa ufupi, ni masharti ya mtu wa siku ya tatu. Tatizo lilikuwa katika utekelezaji.

Waliopewa Jembe Pekee: Wamakonde na Washona

Wamakonde waliingia Kwale kutoka kaskazini mwa Msumbiji wakati wa ukoloni, hasa kuanzia miaka ya 1930, ili kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa. Jembe walipewa, tena kwa maana yake halisi. Waliishi jirani na Wadigo, wakajifunza lugha za pwani, wakaendeleza ufundi wao wa kuchonga vinyago. Hata hivyo, watoto na wajukuu wao waliozaliwa Kenya walikua bila vitambulisho vya taifa. Nchini Kenya, asiye na kitambulisho hawezi kupiga kura, na kwake ajira rasmi, akaunti ya benki na hata kusajili laini ya simu kwa jina lake huwa ni mambo ya kubahatisha.

Mnamo Oktoba 2016, Wamakonde walifunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi kudai kutambuliwa. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea na kuagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwisho wa mwaka huo, na mwaka 2017 wakatangazwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

Washona nao walifika mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 kutoka eneo ambalo leo ni Zimbabwe, wakiwa waumini waliokuja kueneza dini. Wengi walikaa katika sehemu ambazo leo zimo katika Kaunti ya Kiambu, wakajulikana kwa useremala na ususi wa vikapu. Nao pia walisubiri kwa zaidi ya nusu karne. Katika sherehe za Jamhuri za tarehe 12 Desemba 2020 ilitangazwa kwamba Washona 1,670 wangepewa uraia, pamoja na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda.

Katika mifano hii miwili, mgeni alitimiza wajibu wake. Alifanya kazi, akajifunza lugha ya majirani, akaifumba jicho desturi yake pale ilipobidi na kuifumbua nyumbani. Aliyechelewa ni mwenyeji.

Kiswahili bila Uraia: Wapemba

Mfano wa Wapemba unaijaribu hoja ya lugha kwa namna ya pekee. Hawa ni wavuvi na jamaa zao waliotoka kisiwa cha Pemba na kukaa katika pwani ya Kenya, hususan Kilifi na Kwale. Kiswahili si lugha waliyojifunza ugenini. Ni lugha yao ya mama. Kama ujuzi wa Kiswahili ndio ungekuwa ufunguo wa uraia, Wapemba wangekuwa wa kwanza kuingia.

Aidha, ikumbukwe kwamba ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar hadi mwaka 1963. Mvuvi aliyetoka Pemba akatia nanga katika ukanda huo kabla ya uhuru alikuwa bado ndani ya milki ya mtawala yuleyule. Mpaka ulimkuta, si yeye aliyeuvuka. Wengine walikimbia baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964. Tarehe hiyo ni mwezi mmoja kamili baada ya ile iliyowekwa na sheria ya 2011. Aliyekimbia mapinduzi hayo alikosa mlango wa kipengele kile kwa kuchelewa wiki chache, ingawa hakuijua tarehe hiyo wala sheria yenyewe haikuwapo. Wapemba walitambuliwa rasmi kuwa mojawapo ya jamii za Kenya mnamo Julai 2023.

Funzo la mfano huu ni kwamba lugha ya pamoja ni sharti la utangamano lakini si dhamana yake. Kiswahili chaweza kumfikisha mtu mlangoni, hakiwezi kumfungulia.

Hofu ya Mwenyeji

Uadilifu unadai upande wa mwenyeji usikizwe pia. Ardhi ya pwani ina historia ndefu ya dhuluma, na wenyeji wengi ni maskwota katika ardhi ya mababu zao. Mwenyeji asiye na hatimiliki akisikia kuwa jirani aliyekuja juzi atatambuliwa, huona kwamba foleni imerukwa. Mipaka nayo inahitaji ulinzi, na vitambulisho vya taifa vinahitaji kutolewa kwa uangalifu. Hofu hizi si chuki.

Hata hivyo, kumwacha mtu bila hati hakumwondoi nchini. Kunamwondoa tu katika daftari. Dola isiyomjua mtu haiwezi kumtoza kodi ipasavyo, kumlinda, wala kumwajibisha. Vilevile, dhuluma ya ardhi haikuletwa na mchonga vinyago wala mvuvi, na kuwanyima hawa uraia hakumrudishii mwenyeji hata hatua moja ya shamba lake.

Maadili ya Pamoja ni Yapi?

Kifungu cha 10 cha Katiba kinayataja maadili ya kitaifa: uzalendo, umoja, utawala wa sheria, demokrasia, utu, usawa, haki ya kijamii, ujumuishaji, ulinzi wa waliotengwa, uadilifu na uwajibikaji, miongoni mwa mengine. Hakuna hata moja ambalo mtu huzaliwa nalo. Yote hufunzwa na kutendwa, na kwa hivyo yote yako wazi kwa mgeni. Tena yanamfunga mwenyeji kwanza. Haiwezekani kumdai mhamiaji aheshimu utawala wa sheria ilhali ombi lake halali halijibiwi kwa miaka hamsini.

Hapa pana swali ambalo taifa bado halijalijibu. Utambulisho wa Wamakonde ulitangazwa kwa kuwapa nambari katika orodha ya makabila, na baadaye mwaka huohuo wa 2017 Wakenya wenye asili ya Kiasia wakatangazwa kuwa kabila la 44. Tangazo hilo lilipokewa kwa furaha inayoeleweka. Lakini Katiba haimtaki raia awe na kabila ndipo awe raia. Ikiwa njia ya kuingia katika taifa ni kupitia kabila, basi asiye na kabila linalotambuliwa, au mtoto wa ndoa ya jamii mbili zisizo katika orodha, atabaki mlangoni. Utamaduni unastahili kulindwa na sheria. Haustahili kufanywa tiketi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba methali za Kiswahili zinamgawia kila upande wajibu wake. Mgeni hufumba jicho, hushika jembe na kubaki na mila yake. Mwenyeji huhesabu siku, na siku ya tatu ikifika hutoa jembe pamoja na shamba la kulimia. Wamakonde, Washona na Wapemba walitimiza sehemu yao, huku hesabu ya siku ikipotea mikononi mwa mwenyeji.

Wataalamu wa Kiswahili wana kazi ya kufanya katika jambo hili. Sheria imeikabidhi lugha yao nafasi ya kupima nani anaweza kuwa Mkenya. Ni juu yao kuuliza kipimo hicho kinapimwaje, na nani, na kwa haki gani. Na pia kuifundisha methali ya jembe kwa ukamilifu wake, ili mwanafunzi anayeikariri darasani ajue kwamba amri iliyomo ndani yake imeelekezwa kwake yeye mwenyeji.