Diwani na Fedha za Ulinzi

Mtu wa Lundo akiibiwa wavu wake pwani ya Ziwa Nyasa, huenda akamwendea diwani wa kata yake na kumwuliza, "Mbona hamtuletei askari?" Swali hili ni la haki. Lakini ili lijibiwe vema, yafaa kila mtu ajue kwamba fedha za ulinzi hutoka katika mifuko miwili, na kwamba kila mfuko una mwenye kuushika.

Mfuko wa kwanza ni wa Taifa. Kwa Katiba ya mwaka 1977, hakuna mtu awezaye kuunda jeshi la namna yo yote ila Serikali peke yake. Kwa hiyo mishahara ya polisi, sare zao na magari yao hupitishwa na Bunge, katika makadirio ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Diwani hana kura katika jambo hili. Mwenye kura ni Mbunge, naye Mbunge huketi pia katika Baraza la Madiwani. Basi diwani aweza kumwambia mbele ya wote haja ya watu wake.

Mfuko wa pili ni wa Halmashauri ya Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyotolewa katika Mbinga mwaka 2012. Hapa diwani ana kura. Katiba yaitaka serikali ya mitaa ihakikishe kwamba sheria zatekelezwa na wananchi wanalindwa. Fedha za Halmashauri zaweza kusaidia kujenga kituo cha polisi, au kuwalipa askari mgambo wanaosimamia sheria ndogo. Makadirio hayo hupitia kwanza katika kamati ya fedha, kisha Baraza zima huyakubali au kuyakataa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai.

Katika nchi nyingine mambo ni tofauti. Huko Marekani miji mingi huwalipa polisi wake yenyewe, na wajumbe wa baraza la mji ndio wapigao kura juu ya fedha hizo. Mwezi wa Desemba 2020, baraza la mji wa Minneapolis lilihamisha kiasi cha dola milioni 8 kutoka kwa polisi, zitumike kwa kazi nyingine za kuzuia jeuri. Kwetu Baraza la Madiwani halina uwezo huo juu ya polisi. Lakini wajibu wa mwenye kupiga kura juu ya fedha za watu ni ule ule pote, nao ni kuuliza kabla ya kuinua mkono, na kuuliza tena fedha zikiisha kutumika.

Diwani mwema, basi, huuliza hivi:

1. Fedha hizi ni za kazi gani, na katika kijiji gani?
2. Jengo likiisha, nani ataleta askari wa kukaa ndani yake? Kituo kisicho na askari ni nyumba tupu, na askari huletwa na Jeshi la Polisi, si Halmashauri. Yapasa ahadi hiyo ipatikane kabla ya kuchimba msingi.
3. Wananchi wametoa nini, fedha au mawe na mchanga, na je, vimeandikwa?
4. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali amesema nini juu ya hesabu za mwaka uliopita?

Lakini diwani asivuke mpaka wake. Kusimamia fedha si kumwamrisha askari amkamate fulani au amwachilie fulani. Diwani afanyaye hivyo huharibu haki, na maskini ndiye aumiaye kwanza.

Nanyi wananchi mna sehemu yenu. Mkutano mkuu wa kijiji ni mahali pa kusomewa mapato na matumizi. Mtu akichanga kwa ajili ya kituo, adai stakabadhi. Na diwani akirudi kutoka Barazani, aulizwe alipigia kura jambo gani na kwa sababu gani. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ulinzi wa wavu huanza katika ulinzi wa shilingi.