Zawadi ya Mti kwa Mtoto Mchanga



Wako wengi katika Karatu wapendao kumchongea mtoto zawadi kwa mikono yao siku ya ubatizo wake. Jambo hili ni jema, wala halihitaji fedha nyingi. Lakini lina hatari yake, kwa hiyo mwezi huu na tujifunze namna ya kulitenda vema. Nami naanza kwa kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nalimchongea mtoto wa jirani kigari kidogo. Nalikipaka rangi nyekundu, nikayafunga magurudumu yake kwa misumari, na watu wote wakakisifu. Haukupita muda gurudumu moja likachomoka. Mama yake alipogeuka, alimwona mtoto hawezi kulia wala kuvuta pumzi. Bibi mmoja aliyekuwapo akamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini, akampiga kwa kiganja kati ya mabega, na gurudumu likatoka. Mtoto yule yu hai hata leo. Lakini mimi nalifahamu siku ile kwamba nalikuwa nimetengeneza kitu cha kuwapendeza wakubwa, wala sikumfikiri mtoto. Mtoto mchanga hukijua kila kitu kwa kinywa chake. Basi fundi hana budi kuuliza kwanza: Kitu hiki kikitiwa kinywani, itakuwaje?

1. Kuchagua mti

Si kila mti ulio mzuri kwa macho wafaa. Msunguti usiguswe kabisa, maana wawindaji huuchemsha wapate sumu ya mishale. Mnyaa wa uani nao una utomvu mweupe uunguzao macho na ngozi. Hata mgrivea, ule mti ulioletwa kutoka Australia, tuupandao mipakani mwa mashamba na katika kahawa uwe kivuli, huwawasha watu wengine ngozi. Wafaa kwa mbao za nyumba, lakini tusiutie kinywani mwa mtoto.

Miti ifaayo ipo karibu. Mpera ni mgumu, nao haupasuki upesi. Mchungwa na mlimau ni miti laini kwa mkono ikisuguliwa. Mkahawa mzee uliong'olewa shambani una mti mgumu wenye nyuzi nzuri. Ila uondoe gome lote, kwa kuwa mikahawa hunyunyiziwa dawa. Mzeituni wa mwitu, ambao Wamasai huuita oloirien, hupita yote kwa ugumu, na kijinga chake ndicho wanachofukizia vibuyu vya maziwa. Lakini asiende mtu kuukata katika msitu wa Ngorongoro. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1959, na kukata miti yake bila ruhusa ni kosa la sheria. Tena maji ya msitu ule ndiyo yanyweshayo mashamba mengi ya Karatu. Haifai kumpa mtoto zawadi kwa kumwibia maji yake ya kesho.

2. Umbo na kipimo

Kwa mwanzo tengeneza pete ya kung'ata. Watoto wengi huanza kuota meno karibu na mwezi wa 6, na ufizi huwawasha. Chukua ubao mkavu usio na fundo wala ufa. Ubao wa unene wa sentimita 2 na nusu huhitaji karibu mwaka mzima kukauka kivulini. Chora duara la upana wa sentimita 7, na katikati yake duara la sentimita 4. Toboa kwa keekee, kata kwa msumeno mwembamba, kisha viringisha kingo zote kwa tupa. Usitie msumari, wala gundi, wala uzi wa kuvaa shingoni, maana uzi huweza kumnyonga.

Ukitengeneza kitu chenye sehemu nyingi, shika kanuni hii: kila kipande kiwezacho kupita katika tundu la upana wa milimita 32 ni hatari kwa mtoto aliye chini ya miaka 3. Kwa hiyo toboa tundu la kipimo hicho katika kibao, ukitunze pamoja na vyombo vyako.

3. Kulainisha na kupaka mafuta

Sugua kwa msasa mpaka kidole kisikwaruzwe. Kisha lowesha pete kwa maji, uiache ikauke. Utaona nyuzi za mti zimeinuka tena; ndizo ambazo zingeinuliwa na mate ya mtoto. Sugua mara ya pili. Usipake rangi ya nyumba wala vanishi. Rangi nyingine zina risasi ndani yake, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Yeyusha nta safi ya nyuki pamoja na mafuta ya nazi, paka kidogo, ufute kwa kitambaa.

Tena mjihadhari na vinyago viuzwavyo kando ya barabara. Vingine ni vya mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu upate kufanana na mpingo. Sugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kikiwa cheusi, usimpe mtoto.

4. Kujaribu

Mwisho angusha pete juu ya jiwe mara kadhaa, kisha uivute kwa nguvu zako zote. Ikivunjika mkononi mwako, shukuru. Ikidumu, mpe mama yake, umwagize aioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni bila kuiloweka, aitazame kila juma, na aitupe motoni siku atakapoona ufa. Wala usione haya kumwambia hivyo. Mimi nalinyamaza, na kunyamaza kwangu nusura kuondoe uhai wa mtoto.

Maswali kwa darasa

1. Ni miti gani ya kijiji chenu isiyofaa kutiwa kinywani, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini pete hulowanishwa kabla ya kusuguliwa mara ya pili?
3. Mtoto akikwamwa na kitu kooni, alazwe namna gani, na apigwe wapi?