Kipimo Kizuri Huanza Ghalani

Mkulima, umevuna mahindi yako na unataka kujua kama yana sumukuvu kabla ya kuyala au kuyauza. Hiyo ni busara. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hii. Kuyapika hakukuwaokoa, kwa maana moto wa jikoni hauiondoi.

Sumu hii hutokana na ukungu, na hata kidogo sana ni hatari. Sheria ya Kenya hairuhusu zaidi ya sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, yaani kama gramu 1 katika magunia 1,100 ya kilo 90. Maabara kubwa huitafuta kwa mtambo uitwao spektrometa ya masi, ambao huzitia chembe umeme na kuzipima uzito. Lakini mafuta na vitu vingine vya mahindi vikiingia pamoja na sumu, hunyang'anyana umeme huo, na dalili ya sumu hufifia. Ni kama kumsikiliza mtu mmoja katikati ya soko. Kwa hiyo wapimaji husaga mahindi yawe unga laini, huitoa sumu kwa maji na methanoli, huchuja, husafisha, kisha hupunguza maji hayo yabaki kidogo ili dalili ipate nguvu.

Kazi hiyo yote ni bure kama sampuli yako ni mbaya. Ukungu hauenei sawasawa; punje chache zaweza kubeba sumu ya gunia zima. Basi fanya hivi:

1. Chukua bambo safi, uchome magunia mengi, juu, katikati na chini. Konzi moja ya gunia moja haitoshi.

2. Changanya juu ya turubai safi, upate kilo 5 hivi. Usichague punje nzuri wala kutupa mbovu.

3. Usiyagawanye. Peleka yote yakasagwe pamoja, ndipo wapimaji wachukue sehemu yao.

4. Yawe makavu, ndani ya mfuko wa karatasi au nguo. Plastiki hutoa jasho, na ukungu huzidi njiani.

5. Andika jina lako, nambari ya shamba, tarehe ya kuvuna na idadi ya magunia.

Kama huna bambo, muulize Afisa wa Kilimo wa sehemu yako.

Kumbuka: ukipeleka punje nzuri tu, mtambo utasema kweli juu ya punje hizo. Lakini watoto wako watakula zile zilizobaki ghalani.