Kabla ya Kuchoma Kiota cha Nyigu, Mjue Aliyekijenga

Chini ya paa la mabati, kwenye kona ya dirisha au ndani ya ua wa miti, mkazi wa Munyaka hakosi kuona kiota cha wadudu. Wengi hukimbilia kiberiti na mafuta ya taa. Moto huo huwashwa karibu kabisa na mbao za paa, na penye nyumba za kupangisha zilizoshikana, unaweza kuhamia kwa jirani. Kumbe kiota chenyewe hueleza ni cha nani, na kama kuna hatari.

Kiota cha udongo
Mjenzi ni nyigu wa matope, mwenye kiuno chembamba kama uzi. Jike hufanya kazi peke yake. Huchota tope penye maji, hujenga chumba, hukijaza buibui aliowadunga wakapooza, hutaga yai moja, kisha huziba mlango. Buu akianguliwa hula buibui hao. Nyigu huyu hana kundi la kulinda kiota, na ni nadra amuume mtu. Ukiona udongo una matundu, kwa kawaida waliokuwamo wamekwisha kutoka, ukwangue tu.

Kiota cha karatasi
Kina vyumba vya pembe sita, na mara nyingi huning'inia kwa kikonyo kimoja. Nyigu hawa hukwangua nyuzi za mbao, kwa mfano kwenye nguzo za ua, huzitafuna na kuzichanganya na mate. Kikonyo hupakwa majimaji ya kufukuza sisimizi. Huishi pamoja, na kiota kikitikiswa hushambulia. Kwa kuwa mwiba wao haubaki mwilini kama wa nyuki, nyigu mmoja aweza kuuma mara kadhaa. Hata hivyo humfaa mkulima, kwani huwinda viwavi shambani ili kulisha mabuu yao.

Masega ya nta
Hao ni nyuki. Usiwaguse, mwite mfugaji nyuki.

La kufanya
1. Kiota kilicho mbali na watu, kiache.
2. Kikiwa karibu na mlango, choo au mahali watoto wanapochezea, waondoe watoto, kisha tafuta mtu mwenye ujuzi na mavazi ya kujikinga. Usirushe mawe wala kuwasha moto.
3. Ukiumwa, ondoka hapo upesi. Osha kwa sabuni na maji, weka kitambaa baridi, na uvue pete ikiwa umeumwa mkononi.
4. Midomo au ulimi ukivimba, pumzi ikibana, mwili ukitoka vipele au ukihisi kizunguzungu, nenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo aliyeumwa mara nyingi au aliyeumwa ndani ya kinywa. Usingoje kesho, hali hiyo inaweza kuua kwa dakika chache.

Wafundishe watoto tofauti ya viota hivi, maana wao ndio huwa wa kwanza kuviona na kuvirushia mawe.