Kipitishi na Kihami: Istilahi Mbili Mbele ya Balbu ya Kurunzi

Utangulizi

Mijadala yetu kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi aghalabu huishia katika kuorodhesha istilahi. Ni nadra istilahi hizo kupelekwa mbele ya vitu zinavyovitaja. Makala haya yanadhamiria kufanya hivyo kwa istilahi mbili, kipitishi na kihami, kupitia jaribio ambalo hata mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kulifanya.

Jaribio

Vifaa ni betri mbili za kurunzi za volti 1.5 kila moja, balbu ya kurunzi, vipande vitatu vya waya na utepe wa kunatia. Betri zipangwe ncha chanya ya moja iguse ncha hasi ya nyingine. Waya wa kwanza uunganishe ncha chanya na balbu. Wa pili utoke kwenye balbu na wa tatu utoke ncha hasi, miisho yao ikiachwa wazi. Miisho hiyo ikigusanishwa, balbu huwaka: saketi imekamilika. Sasa kila kitu kinachochunguzwa kiwekwe baina ya miisho hiyo.

Matokeo

Sarafu, ufunguo, kijiko cha chuma na sufuria huwasha balbu. Rula ya plastiki, karatasi, kioo, ndara za mpira na mti mkavu haviwashi. Mkebe uliopakwa rangi hauwashi mpaka rangi ikwaruzwe. Kiini cheusi cha penseli, ambacho ni grafiti wala si metali, huweza kuiwasha balbu kwa mwanga hafifu. Miisho ikitumbukizwa katika kikombe cha maji ya mfereji bila kugusana, balbu haiwaki.

Mjadala

Hapa ndipo penye utata. Je, maji ni kihami?

Kipitishi kimenyambuliwa kutokana na kitenzi pitisha. Maana yake iko wazi. Kihami kimetokana na hami, yaani linda. Istilahi ya Kiingereza ina asili ya neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa, hivyo husisitiza kutenga. Yetu huahidi ulinzi, na ahadi hiyo ni nzito.

Maji ya mfereji yana chumvi zilizoyeyuka ambazo hupitisha mkondo, ila katika saketi hii mkondo huo ni mdogo mno kuwasha balbu. Balbu ya kurunzi huhitaji takribani miliampea 300, ilhali miliampea 30 tu zikipita kifuani zaweza kuhatarisha uhai. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni wa volti 240. Basi mwanafunzi atakayehitimisha kwamba kisichowasha balbu ni kihami, atashika swichi kwa mikono iliyolowa akidhani amehamiwa. Kwa sababu iyo hiyo, jaribio hili lisifanywe kamwe kwa umeme wa ukutani.

Hitimisho

Kosa si la istilahi, bali la fasili. Kihami kisifasiliwe kwa balbu kutowaka pekee. Fasili itaje pia hali ya kitu, kikavu au kimelowa, na nguvu ya umeme kinayoweza kuihimili. Usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaounda istilahi tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba neno linaloahidi kulinda linamlinda kweli anayelisoma.