Somo: Kuchagua Mchanga wa Paka Alalaye Ndani

Lengo la somo: Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza kutambua aina za mchanga wa paka, kuzipima mwenyewe nyumbani, kulinganisha bei zake kwa haki, na kuilinda afya ya watu wa nyumba yake.

Utangulizi

Juu ya uwanda wa Rondo, mkoani Lindi, paka hafugwi kwa ajili ya pambo. Hufugwa kwa sababu ya panya. Jioni mlango unapofungwa, paka hubaki ndani pamoja na mahindi, makopa na magunia ya korosho. Wako pia wafugaji ambao hawamtoi paka wao nje kabisa, kwa kuhofia mbwa, magari au panya waliokwisha kula sumu. Kwa vyovyote iwavyo, paka aliyefungiwa huhitaji mahali pa kujisaidia. Asipoandaliwa mahali hapo, atajitafutia mwenyewe, naye hupenda kitu kilaini kinachochimbika: kapu la nguo, rundo la mchanga wa ujenzi, au nafaka iliyoanikwa sakafuni.

Hapo ndipo mlaji anapokutana na bidhaa iitwayo mchanga wa paka. Katika maduka ya mijini huuzwa kwenye mifuko yenye picha za kupendeza na maneno makubwa. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatusemi kwamba kila mfuko unaotangazwa ni mbaya. Tunasema tu kwamba picha si kipimo, na kwamba mara nyingine kifaacho kiko jirani na mnunuzi, tena kwa bei ndogo.

Bidhaa hii ilikotoka

Kabla ya mwaka 1947, wafugaji wengi wa Marekani waliwawekea paka wao mchanga wa kawaida, majivu au unga wa mbao, kama wanavyofanya wengi wetu hadi leo. Mwaka huo, katika jimbo la Michigan, jirani mmoja alimwendea Edward Lowe kuomba mchanga, kwa kuwa majivu aliyokuwa akiyatumia yalimwachia nyayo za paka nyumba nzima. Familia ya Lowe iliuza vifaa vya kunyonya mafuta yaliyomwagika viwandani, kwa hiyo yeye akampa chembe za udongo mkavu ufyonzao. Udongo ule ulifyonza mkojo, ukapunguza harufu, wala haukuchafua sakafu. Biashara ikaanzia hapo. Katika miaka ya 1980 ukaja udongo wa bentonaiti, ambao hugandamana unapolowa, hata mfugaji akaweza kuchota bonge lililolowa na kuacha kilichobaki kikavu.

Tunaisimulia historia hii kwa sababu inabeba vipimo vyote vinavyohitajika. Kifaa kizuri ni kile kinachofyonza mkojo, kinachopunguza harufu, kisichorusha vumbi, kisichomuumiza paka, na ambacho paka mwenyewe anakikubali. Chochote kitimizacho masharti haya matano kinafaa, kiwe kimetoka kiwandani au kwa seremala.

Aina zinazouzwa madukani

Udongo usiogandamana ni wa bei nafuu kwa kilo, lakini mkojo hushuka hadi chini ya trei, na ndani ya siku chache inabidi udongo wote umwagwe.

Udongo unaogandamana hudumu zaidi kwa kuwa huchotwa kidogo kidogo. Ubaya wake ni uzito, na aina duni zake zina vumbi jingi. Vitoto vya paka visiwekewe udongo huu, kwa kuwa huonja kila kitu, na udongo ule unaweza kuvimba tumboni mwao.

Chembe za silika ni nyeupe na nyepesi, na hufyonza sana. Paka wengine huzikataa kwa kuwa zinakwaruza nyayo. Bei yake kwa kilo huwa juu.

Chembe za mbao zilizoshindiliwa huvimba na kusambaratika zinapolowa. Ni nyepesi, na zinatokana na mabaki ya mbao ambayo sisi wa Lindi tunayo.

Vilivyo karibu nasi

Rondo inajulikana kwa misitu na mbao zake, zikiwemo za mvule na mtiki. Kwa hiyo mfugaji wa huku ana maranda karibu, mara nyingi kwa gharama ya kubeba tu. Hata hivyo, maranda yana masharti. Kwanza, yachukuliwe yaliyo makubwa, yaliyotoka kwenye randa, si unga mwembamba wa msumeno. Vumbi la mvule na la mtiki hujulikana kwa kuwasha ngozi na kukera njia ya hewa, ya mtu na ya mnyama. Pili, yasitoke kwenye mbao au nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa na kuoza, kwa maana dawa hizo ni sumu. Muulize seremala waziwazi. Asipokuwa na hakika, usichukue. Tatu, yakaushwe juani, kwa sababu wakati wa masika maranda mabichi huota ukungu.

Watu wa pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi mjini, wana makumbi ya nazi. Vumbi la makumbi lililokaushwa hufyonza maji vizuri, wala halikwaruzi. Pumba za mpunga kutoka mashineni nazo hutumika, ingawa hufyonza kidogo, hivyo hubadilishwa mara kwa mara.

Mchanga wa pwani hupendwa na paka, lakini haufyonzi. Mkojo huupita na kutuama chini, na harufu hubaki. Ukiwa huna kingine, uoshe kwa maji baridi kuondoa chumvi, uukaushe, na uubadilishe kila siku.

Viko vitu vitatu ambavyo tunavikataza kabisa. Cha kwanza ni majivu: yakilowa huwa makali, hushika nyayo, na paka huzilamba. Cha pili ni maganda ya korosho: mafuta yake huunguza ngozi, kama ajuavyo kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono. Cha tatu ni unga wa jipsamu ya kupigia dari: ukilowa huwa mgumu kama jiwe, nao ukimezwa unaweza kufanya hivyo hivyo tumboni. Aidha, maranda yasihifadhiwe katika mifuko iliyokuwa na salfa ya mikorosho, hata kama mfuko umekung'utwa.

Majaribio mawili ya nyumbani

Mlaji hahitaji maabara. Kabla ya kununua mfuko mkubwa, nunua mdogo au omba kiasi kidogo, kisha ufanye majaribio haya.

Jaribio la maji: Jaza bilauri moja kwa kifaa unachokipima. Mimina robo bilauri ya maji. Subiri dakika 15, kisha inamisha bilauri polepole. Maji yakichuruzika, kifaa hicho hakifyonzi vya kutosha. Kama mfuko unadai kwamba udongo wake hugandamana, toa bonge ulitazame: bonge zuri hushikika mkononi bila kumeguka.

Jaribio la vumbi: Simama mahali penye mwanga wa jua, umimine kiasi cha kikombe kwenye beseni kutoka usawa wa kiuno. Ukiona wingu la vumbi likielea, jua kwamba wingu hilo hilo litaingia kifuani mwa paka na mwa yule anayesafisha trei kila siku. Mwenye pumu nyumbani alizingatie jaribio hili kuliko lolote.

Mwamuzi wa mwisho ni paka. Weka vyombo viwili vyenye vifaa tofauti kwa siku chache, uone anachokichagua. Ukitaka kubadili, changanya kipya kidogo kidogo ndani ya kile alichokizoea. Paka wengi huchukia manukato makali, hivyo usilipie harufu ya maua isiyomsaidia yeye wala wewe.

Kulinganisha bei

Hapa ndipo walaji wengi wanapopoteza fedha. Mfuko mmoja huandikwa kilo, mwingine lita, wala viwili hivyo havilingani, kwa kuwa lita moja ya udongo ni nzito kuliko lita moja ya silika au ya mbao. Kipimo cha haki ni gharama kwa siku.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tarakimu hizi ni za kufundishia tu, si bei za soko. Mfuko wa kwanza una kilo 5 za udongo unaogandamana, kwa shilingi 20,000. Mfuko wa pili una kilo 10 za udongo usiogandamana, kwa shilingi 30,000. Kwa kilo, wa kwanza ni shilingi 4,000 na wa pili ni shilingi 3,000, hivyo wa pili unaonekana nafuu. Lakini ikiwa kila mfuko unamtosha paka mmoja kwa siku 20, wa kwanza unagharimu shilingi 1,000 kwa siku, na wa pili shilingi 1,500. Sasa tuseme gunia la maranda pamoja na usafiri limegharimu shilingi 3,000 nalo likatumika siku 30: gharama yake ni shilingi 100 kwa siku. Andika tarehe unayofungua mfuko na tarehe unapokwisha; hesabu nyingine itakuja yenyewe.

Haki zako dukani

Mfuko uwe na jina la mtengenezaji au mwingizaji, uzito au ujazo halisi, na maelezo ya kilichomo. Neno kama "asilia" peke yake halikuambii chochote. Uliza ni asilia ya kitu gani. Ukishuku kwamba uzito umepunjwa, peleka malalamiko Wakala wa Vipimo. Ukiona tangazo la kupotosha, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakulinda, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kwa vyovyote vile, dai risiti na uitunze. Mlalamikaji asiye na risiti ana kazi ngumu ya kuthibitisha alinunua nini, lini na wapi.

Afya ya watu wa nyumbani

Tumeiacha sehemu hii karibu na mwisho ili isisahaulike. Katika kinyesi cha baadhi ya paka huwamo kijidudu kiitwacho toksoplasma, ambacho paka hukipata kwa kula panya, ndege au nyama mbichi. Kwa watu wengi wenye afya hakileti shida kubwa. Lakini mama mjamzito akiambukizwa kwa mara ya kwanza, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika macho na ubongo, au mimba ikaharibika. Mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua naye yumo hatarini.

Habari njema ni kwamba kinyesi kibichi hakiambukizi papo hapo. Vijiyai vya kijidudu hicho huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa. Kwa hiyo kinyesi kikitolewa kila siku, hatari hupungua sana. Katika nyumba yenye mjamzito, kazi hii ifanywe na mtu mwingine: mume, kaka au ndugu yeyote mzima. Akikosekana kabisa, mama avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Hakuna haja ya kumfukuza paka. Haja iliyopo ni ya kugawana kazi.

Uchafu ufukiwe shimoni au utupwe kwenye choo cha shimo, mbali na kisima na bustani ya mboga. Kwa choo cha kuvuta maji usithubutu, kwani udongo unaogandamana huziba bomba. Trei ioshwe kwa sabuni na maji yaliyochemka. Usitumie dawa ya klorini juu ya mkojo, kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu, wala dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe zikitiwa maji, kwani nyingi kati yake humdhuru paka.

Trei yenyewe si lazima inunuliwe. Dumu la lita 20 lililokatwa kwa ubavu, kingo zake zikalainishwa, linatosha. Tia kifaa kina cha takribani sentimita 5, uliweke mahali patulivu, mbali na chakula. Nyumba yenye paka wawili iwe na trei tatu.

Mwisho, trei safi hukuonyesha afya ya paka. Paka dume anayeingia na kutoka, akijikamua bila mkojo kuonekana, ana dharura: mwite afisa mifugo siku hiyo hiyo, kwa maana kuziba kwa mkojo huua upesi.

Maswali ya kujipima

1. Taja masharti matano ya kifaa kizuri cha choo cha paka.
2. Kwa nini maranda ya nguzo zilizotiwa dawa hayafai?
3. Mifuko miwili ina bei tofauti, mmoja umeandikwa lita na mwingine kilo. Utailinganisha vipi?
4. Katika nyumba yako, ni nani asiyepaswa kusafisha trei, na ni nani atakayeifanya kazi hiyo badala yake?

Swali la nne lisijibiwe peke yako. Lijibuni pamoja, nyumba nzima, leo jioni kabla mlango haujafungwa.