SOMO KWA VYAMA VYA MSINGI: POCHI IKIIBIWA MWANACHAMA AKIWA NJE YA NCHI

Utangulizi

Wilaya za Karagwe na Kyerwa ziko mpakani, na safari za nchi jirani ni jambo la kawaida kwa wanachama. Kutoka Murongo mtu huvuka Mto Kagera akafika Kikagati, Uganda. Wengine hupitia Mutukula kwenda Masaka na Kampala kwa matibabu, biashara au misiba. Wapo pia wenye jamaa wanaofanya kazi mbali zaidi. Kwa hiyo chama cha msingi chaweza kupatwa na jambo lisilotajwa waziwazi katika masharti yake: mwanachama yuko ugenini, pochi yake imeibiwa, na familia yake imefika kwa katibu kuomba msaada. Somo hili laeleza wajibu wa aliye safarini, wa walio nyumbani, na wa katibu.

Mfano

Uchukuliwe mfano wa mwanachama aliyekwisha kupeleka magunia sita ya kahawa ya maganda chamani, naye anangoja malipo. Kabla malipo hayajafika anakwenda Kampala kumuuguza dada yake. Katika kituo cha mabasi anaibiwa pochi yenye fedha, kadi ya benki, kitambulisho cha taifa na kadi ya uanachama. Simu nayo imekwenda.

Siku mbili baadaye mkewe anapigiwa kwa namba asiyoijua. Sauti inakatikakatika: "Mama watoto, nimeibiwa kila kitu. Mwambie katibu fedha za kahawa azitume kwenye namba hii." Mama anakwenda ofisini upesi. "Katibu, mwanangu," anasema, "mzee amekwama ugenini, na nyumbani hamna kitu. Wewe unatufahamu."

Ni kweli katibu anawafahamu, na hapo ndipo penye mtihani. Sauti ile yaweza kuwa ya mume. Yaweza pia kuwa ya mwizi, kwa kuwa aliyechukua simu amepata majina yaliyohifadhiwa humo, na kadi ya uanachama imemwonyesha jina la chama na namba ya mwanachama. Fedha zilizokuwa ndani ya pochi zimekwisha kupotea. Zilizobaki hatarini ni zile za magunia sita, yaani jasho la msimu mzima.

Hatua za aliye safarini

1. Laini ya simu ifungwe kwanza, kwa sababu ndiyo ufunguo wa fedha zilizomo katika simu na, mara nyingi, wa akaunti ya benki. Aazime simu kwa mtu anayeaminika. Akishindwa kuufikia mtandao wake, aliye nyumbani apige namba 100 ya huduma kwa wateja, akiwa tayari kujibu maswali ya kumtambua mwenye laini.

2. Benki iarifiwe ili kadi izuiwe. Ifahamike kwamba kuibiwa kadi si kuibiwa akaunti. Kadi ikizuiwa mapema, akaunti hubaki salama na yaweza kuendelea kupokea malipo ya kahawa.

3. Taarifa itolewe katika kituo cha polisi cha mahali wizi ulipotokea, na mwanachama aombe maandishi ya taarifa hiyo. Bila maandishi atapata taabu mpakani, benki, na atakapoomba kitambulisho kipya.

4. Hati ya kusafiria ikiwa imeibiwa pia, aende Ubalozi wa Tanzania. Kwa aliye Uganda, ubalozi huo uko Kampala. Huko ataelezwa namna ya kupata hati ya dharura ya kurejea nyumbani.

Akisharudi, ndipo apate laini mpya kwa alama za vidole. Aidha, apige *106# aone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, asije akabebeshwa laini asiyoijua.

Wajibu wa walio nyumbani

Jambo la kwanza ni kumhakikisha mpigaji. Aulizwe neno ambalo halimo katika simu wala katika pochi: jina la shamba lililopandwa mwaka jana, au aliyekuja nyumbani usiku wa kuamkia safari. Kisha atafutwe ndugu au mwenyeji wake huko aliko, athibitishe kwa macho yake. Nauli itumwe kwa mwenyeji huyo anayefahamika. Ikidhihirika kwamba mpigaji ni tapeli, namba yake ipelekwe kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya Mamlaka ya Mawasiliano ya kupokea taarifa za utapeli.

Jambo la pili ni kujihadhari na butura. Shida kama hii ikisikika kijijini, mnunuzi wa kahawa iliyo mtini hachelewi kufika na fedha mkononi. Biashara hiyo imepigwa marufuku mara nyingi na viongozi wa mkoa, na sababu iko wazi: kahawa iliyouzwa ingali maua huuzwa kwa bei ya shida, wala si kwa bei ya mnada. Pochi moja iliyoibiwa Kampala yaweza hivyo kuinyang'anya familia mavuno ya mwaka unaofuata.

Wajibu wa katibu

Katibu asibadilishe akaunti ya malipo kwa neno la simu, hata kama anaitambua sauti. Malipo yapelekwe kwenye akaunti iliyomo katika kumbukumbu za chama. Badiliko lolote lifanywe kwa maandishi yenye sahihi ya mwanachama, na lipitishwe kwa utaratibu wa bodi.

Aghalabu familia hudai kwamba mke ameandikishwa kuwa mrithi. Urithi huo huanza mwanachama akifariki. Haumpi mrithi mamlaka ya kupokea fedha za mtu aliye hai. Kwa hilo yatakiwa hati ya uwakilishi iliyoshuhudiwa kisheria.

Hata hivyo, kukataa peke yake si kazi ya ushirika. Katibu amsaidie mama kupiga simu za kufunga laini na kadi, aandike taarifa katika daftari pamoja na tarehe na saa, na amjulishe mwenyekiti. Amwonyeshe stakabadhi za kahawa iliyopokewa, ili mama ajue haki ya familia imehifadhiwa. Kama yeye ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo, aelekezwe huko akaombe mkopo kwa jina lake mwenyewe.

Kinga

Tahadhari kabla ya hatari. Kabla ya safari mwanachama aandike nyumbani namba ya kitambulisho cha taifa, ya akaunti na ya uanachama. Kadi yaweza kuibiwa, namba hubaki. Namba za siri zisiandikwe kabisa. Kadi ya uanachama ibaki nyumbani, na fedha zigawanywe mahali pawili.

Kinga iliyo kubwa zaidi yahusu uanachama wenyewe. Katika kaya nyingi mke hupalilia, huchuma na huanika kahawa, lakini mazao yote huandikwa kwa jina la mume. Mume akikwama ugenini, kaya nzima hukwama pamoja naye. Mke mwenye sifa za uanachama aingie chamani, alipe kiingilio na hisa zake, na sehemu ya kahawa ipokelewe kwa jina lake. Hapo kuibiwa kwa mmoja hakutakuwa njaa ya wote.

Maswali ya kujadiliwa katika mkutano

1. Je, chama kina utaratibu wa maandishi wa kubadilisha akaunti ya mwanachama?
2. Katibu akishurutishwa na jamaa wa mwanachama kulipa kwa neno la simu, nani amsaidie kusimama imara?
3. Ni kaya ngapi katika chama zenye mwanachama mmoja tu, na nini kinawazuia wengine kujiunga?